Château d'If

Château d'If ni ngome ya mawe iliyoko kwenye kisiwa kidogo cha If, katika ghuba ya Marseille, kusini mwa Ufaransa. Mfalme François I alifika kisiwani mwaka 1516, na katika miaka ya 1520 ujenzi ukaanza ili kuilinda bandari. Wenyeji wa Marseille, ambao jimbo lao lilikuwa limeingia chini ya taji la Ufaransa mwaka 1481 tu, hawakuifurahia: mizinga iliyoelekezwa baharini ingeweza kugeuzwa upande wao.

Sifa ya ngome hiyo, hata hivyo, ilitokana na jela. Waprotestanti wengi walifungwa humo kwa ajili ya imani yao. Wafungwa maskini walisongamana katika vyumba vya chini visivyo na dirisha, ilhali wenye fedha walilipia vyumba vya juu vyenye dirisha na meko. Nahodha Jean-Baptiste Chataud, ambaye meli yake Grand-Saint-Antoine ilileta tauni Marseille mwaka 1720, aliwekwa huko. Mirabeau, aliyekuja kuvuma katika Mapinduzi ya Ufaransa, alifungwa mwaka 1774 kwa ombi la baba yake mzazi.

Mfungwa mashuhuri kuliko wote hakuwahi kuishi. Huyo ni Edmond Dantès, mhusika wa riwaya ya Alexandre Dumas, Le Comte de Monte-Cristo, iliyoanza kuchapishwa gazetini mwaka 1844. Dantès anatoroka kwa kujificha ndani ya sanda ya mwenzake, kisha anatupwa baharini. Ngome ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1890, riwaya ndiyo iliyovuta watu. Hadi leo kuna chumba kinachoitwa cha Dantès, na ukutani limetobolewa tundu la kuingilia chumba cha jirani, kama kitabuni. Wageni huinama kulichungulia, huku Chataud, aliyekuwa mtu wa kweli, akipitwa haraka; hapo hadithi imeishinda historia.

Safari ya boti kutoka bandari ya zamani, Vieux-Port, huchukua takriban dakika 20. Ndani, vyumba vimeuzunguka ua wenye kisima, na juu ya paa bapa mji wote wa Marseille huonekana. Kisiwa hakina gati lililokingwa vyema, hivyo upepo mkali wa mistral ukivuma boti hazitii nanga If. Inafaa kuuliza asubuhi ya safari kabla ya kukata tiketi.