Peleti za Gisenyi na bei ya mkaa

Mwaka 1982 kiwanda cha kwanza cha peleti, yaani vipande vidogo vya vumbi la mbao lililoshindiliwa, kilianza kazi nchini Uswidi, mjini Mora. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa mwaka 1973, ikapaa tena 1979, na nchi hiyo yenye misitu kila upande ikataka kupasha nyumba joto kwa vumbi la mbao. Mwaka 1986 mafuta yakashuka bei, na kiwanda kikafungwa. Vumbi lilikuwepo bado, misumeno haikusimama. Kilichobadilika ni bei ya mshindani.

Peleti zilirudi kwa kishindo baada ya 1991, Uswidi ilipoanza kutoza kodi ya hewa ukaa. Aliyechoma mafuta alilipa, aliyechoma mabaki ya mbao hakulipa. Naamini biashara hii yote imesimama kwenye bei ya mshindani, na ndiyo maana kisa cha Gisenyi kinaniuma.

Katika mji huo wa Rwanda, kando ya Ziwa Kivu na mpakani na Goma, Mmarekani Eric Reynolds alianzisha kampuni ya Inyenyeri mnamo 2010. Wanavijiji walileta kuni na matawi, wakapewa peleti. Watu wa mjini walinunua peleti kila mwezi, na jiko wakakabidhiwa bure.

Na jiko lenyewe si mchezo. Mimi Moto, lililobuniwa na Waholanzi, lina feni ndogo ya kupuliza hewa. Unajaza peleti, unawasha kwa juu, moto unashuka taratibu, na gesi inayotoka kwenye kuni inaungua kabla haijawa moshi. Peleti nazo hazitiwi gundi. Mbao hukaushwa na kusagwa, kisha unga hushindiliwa kwenye matundu ya chuma membamba kama penseli. Joto la msuguano hulainisha lignini, gundi ya asili ya mti wenyewe, na unga unashikamana. Kwa njia hiyo karibu nishati yote ya mti inafika jikoni, wakati kwenye tanuri la udongo la mchoma mkaa zaidi ya nusu yake huishia hewani.

Sokoni, mbele ya mkaa, mambo yakawa mengine. Bei ya gunia la mkaa haihesabu moshi anaovuta mpishi. Tena mkaa hupimwa kwa kopo, na mama asiye na hela ya mwezi mzima hununua wa leo. Inyenyeri ilibeba gharama ya kiwanda, umeme, malori, majiko na mafundi wa kuyatengeneza. Benki ya Dunia ilikuwa imesaini mkataba wa kununua hewa ukaa itakayopunguzwa, lakini fedha za namna hiyo hulipwa baada ya upungufu kukaguliwa, ilhali jiko hununuliwa kwanza. Mtaji ulikosekana, na mwaka 2020 kampuni ikafunga milango.

Sitaki anayepika kwa mkaa wa kopo atozwe kodi kama ya Uswidi. Ningetaka fedha za hewa ukaa zitangulie, zilipie jiko siku linapoingia nyumbani, na serikali ziondoe kodi kwenye mitambo ya kushindilia. Wanaohitaji hatua hiyo bado wapo: huko huko Rwanda kampuni nyingine, BioMassters, imeendelea kuuza peleti pamoja na majiko yenye feni, ikishindana na mkaa uleule.