Biashara ya Vijisanamu

Kutoka Manga, mtu akiteremka hadi mji wa Kisii na kuendelea upande wa kusini-magharibi, hufika Tabaka, ambako watu huchimba jiwe laini na kuchonga viboko, twiga na ndege wa kuuzia wageni. Biashara ya namna hii ilijaribiwa ng'ambo pia, na matajiri wakubwa kuliko sisi. Je, kampuni ya michezo ya video yaweza kudumu kwa kuuza vijisanamu?

Mnamo Oktoba 2011 kampuni ya Activision ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Skylanders. Ndani ya kila kijisanamu cha plastiki mlifichwa kidude kidogo cha elektroniki. Mtoto alikiweka kijisanamu juu ya kibao kilichounganishwa na mashine, na mara mnyama yule yule akatokea katika skrini, akitembea. Nguvu alizozipata mchezoni zilihifadhiwa katika kijisanamu chenyewe, hata mtoto aliweza kukitia mfukoni na kwenda kukichezea kwa jirani. Kufikia mwanzo wa mwaka 2014 vilikuwa vimeuzwa zaidi ya milioni 175. Disney walifuata mwaka 2013, Nintendo wa Japani mwaka 2014, na Lego mwaka 2015.

Anguko halikukawia. Mwezi Mei 2016 Disney waliiacha kazi hiyo na kutangaza hasara ya dola milioni 147, nyingi zikiwa ni thamani ya mali iliyolala ghalani. Lego nao waliacha mwaka 2017. Sababu si ngumu kuiona. Kiwanda cha plastiki hakitengenezi kimoja kimoja; bidhaa humwagwa kwa maelfu na kupakiwa melini kabla mtu hajajua kama watoto watampenda mnyama huyu au yule. Tena kila mchezo mpya ulikuja na vijisanamu vipya, hali makabati yalikwisha kujaa. (Mzazi wa Kisii angalichoka mwaka wa kwanza.)

Mchongaji wa Tabaka hana ghala la namna hiyo. Wanaume huchimba na kuchonga, wanawake husugua jiwe kwa maji na msasa, na kikitakiwa kiboko, huchongwa kiboko. Jiwe lenyewe lilikuwa na kazi kabla ya watalii kuja, kwani Abagusii walilifanyia viko na bakuli. Walakini tusiwasifu kupita kiasi. Watalii walipopungua baada ya machafuko ya mwaka 2008, na tena wakati wa korona mwaka 2020, soko lilikauka. Kijana anayeacha masomo ili aishi kwa viboko vya wageni peke yake yumo katika hatari ile ile ya Disney, naye hana fedha za Disney.

Nintendo wangali wakiuza vijisanamu vyao, viitwavyo amiibo. Kampuni hiyo ilianzia Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, na huenda ndiyo sababu yaijua tabia ya vitu vya kuchezea. Amiibo mmoja aweza kutumika katika michezo kadhaa, na kwa kawaida asiyemnunua huucheza mchezo wake vilevile. Kwao kijisanamu ni kitoweo. Ugali wao ni michezo na mashine zenyewe.