Glakoma: karne na nusu ya tiba, na mgonjwa anayesubiriwa kliniki

Leo tunauangazia ugonjwa ambao wengi wetu twauita presha ya macho, na ambao madaktari huuita glakoma.

Tuondoe kwanza utata mmoja. Glakoma si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho huziba njia ya mwanga, na mtu akifanyiwa upasuaji aghalabu huona tena. Glakoma huua neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na sehemu iliyokwishakufa haifufuki. Tiba zote zilizopo hulinda kilichobakia tu. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi kupimwa miaka nenda miaka rudi, hata kama haoni tofauti yoyote.

Kwa karne nyingi hapakuwa na sababu ya kurudi, kwani hapakuwa na tiba. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza chombo chake cha kuangalia ndani ya jicho la mtu aliye hai, na madaktari wakaweza kuiona neva ikiharibika. Miaka sita baadaye, 1857, Albrecht von Graefe wa Berlin alieleza kwamba kukata kipande kidogo cha ile duara yenye rangi inayozunguka mboni kunaweza kushusha presha ya jicho. Waliopata ugonjwa kwa ghafla na kwa maumivu makali waliokolewa. Waliokuwa na glakoma ya polepole hawakufaidika sana, na von Graefe mwenyewe aliliona jambo hilo.

Dawa ya kwanza ya matone ilitoka Afrika. Huko Calabar, katika Nigeria ya leo, Waefik walikuwa na harage la sumu walilomnywesha mtuhumiwa kama kiapo, mfano wa mwavi unaojulikana katika sehemu za bara kwetu. Aliyetapika alihesabiwa hana hatia. Aliyekufa, hukumu ilikuwa imekwishapita. Harage hilo lilifikishwa Edinburgh, na mwaka 1863 Douglas Argyll Robertson akaonyesha kuwa maji yake huifanya mboni ya jicho isinyae. Mwaka 1876 Ludwig Laqueur, profesa wa macho mjini Strasbourg, akatangaza kwamba dawa iliyomo humo hushusha presha ya jicho.

Laqueur hakuwa mtafiti tu. Yeye mwenyewe aliugua glakoma. Aliona ukungu, akaona duara za rangi kama upinde wa mvua kuzunguka taa, na kila shambulio lilipokuja alijitia matone yake. Mwaka 1880 alifanyiwa upasuaji na Johann Friedrich Horner. Huenda historia haina mgonjwa mwingine aliyeyafuatilia macho yake kwa uangalifu kama huo. Lakini tusisahau kwamba alikuwa daktari, na kwamba ugonjwa wake ulikuwa wa aina inayojitangaza kwa dalili.

Aina iliyoenea zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika haijitangazi. Haiumi, na huanza kuula upeo wa kuona pembeni, mahali ambapo jicho la pili huziba pengo. Uchunguzi uliofanywa Baltimore, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa Wamarekani Weusi waliathirika mara nne hadi tano zaidi ya Wazungu. Katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti waliwapima watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, na katika ripoti yao ya mwaka 2000 walisema asilimia 4.16 walikuwa na glakoma.

Je, mtu asiyeumwa atajitia dawa kila siku? Pilokapini, iliyoanza kutumika mwaka 1877, ilitakiwa mara nne kwa siku, nayo huuma kichwa na kufifisha macho. Mwaka 1986, huko Marekani, Michael Kass na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti ambao ningependa kila daktari ausome. Waliwapa wagonjwa 184 vichupa vya pilokapini vyenye kifaa kilichorekodi kila vilipofunguliwa. Wagonjwa walisema wametumia asilimia 97 ya dawa. Kifaa kilisema 76. Zaidi ya hayo, matumizi yalipanda katika saa 24 kabla ya kwenda kliniki. Daktari, basi, alikuwa akipima presha ya siku nzuri kuliko zote, na kumruhusu mgonjwa aende nyumbani akiamini mambo ni salama.

Dawa zilipungua usumbufu: timolol, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, ni mara moja au mbili kwa siku, latanoprost ya mwaka 1996 ni mara moja tu. Hata hivyo ni makosa kumlaumu mgonjwa peke yake. Nchini Uingereza, ambako wasikilizaji wetu wengi hutibiwa, shirika la usalama wa wagonjwa lilitoa tahadhari mwaka 2009 kuhusu wagonjwa 44 wa glakoma ambao macho yao yalizorota kwa sababu miadi yao ilicheleweshwa. 13 kati yao walipofuka kabisa. Mwaka 2020 wachunguzi wa huduma za afya walieleza kisa cha mwanamke wa miaka 34 aliyepoteza uwezo wa kuona baada ya miadi kucheleweshwa kwa miezi 13. Hawa hawakuzembea. Walikuwa wakisubiri barua. Kwa hiyo barua ya hospitali isipofika, piga simu. Na anayekwenda Mombasa au Unguja kwa miezi mitatu achukue dawa za kutosha pamoja na nakala ya vipimo vyake.

Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, utafiti wa wagonjwa 201 uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha matone ya timolol na miale ya leza. Baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu katika asilimia 61 ya macho, timolol katika asilimia 31. Hiyo ni habari njema kwa mtu anayeishi mbali na duka la dawa. Lakini nguvu ya leza nayo hupungua kadiri miaka inavyopita, na jicho halimwambii mwenyewe. Katika hesabu ya Moshi, takriban macho manne kati ya kumi yaliyopigwa leza hayakufikia kiwango kilichotakiwa, na hilo lilijulikana kwa sababu wenye macho hayo walirudi kupimwa.