Vumbi Lililohamia Ukutani

Mafundi waliokufa mapema kuliko wote mjini Sheffield hawakuwa wachimba makaa wala wayeyusha chuma. Walikuwa wanoa uma za mezani. Katika karne ya 19 mji huo wa Uingereza uliuza visu, wembe na misumeno kila pembe ya dunia, na kando ya mito yake, Porter, Rivelin na Loxley, magurudumu ya maji yalizungusha mawe makubwa ya kunolea yaliyochongwa kutoka miamba ya mchanga. Mnoaji alipanda kiti cha mbao nyuma ya jiwe, akaliinamia, akakandamiza chuma kwa nguvu za mwili mzima.

Jiwe lilipokuwa na ufa usioonekana, lilipasuka likiwa kasini na vipande vikatoboa paa. Hatari hiyo kila mtu aliijua. Muuaji mkubwa zaidi alikuwa vumbi. Visu na misumeno vilinolewa kwa jiwe lililoloweshwa maji. Uma na sindano zilinolewa kwa jiwe kavu. Daktari mmoja wa mji huo, Arnold Knight, alieleza maradhi ya vifua vya watu hao, na mwandishi Mjerumani Friedrich Engels akayataja maelezo yake katika kitabu cha mwaka 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza: wastani wa maisha ya wanoaji wa jiwe kavu ulifika miaka 35 kwa shida, na wa wale wa jiwe la maji ulivuka 45 kwa nadra. Knight aliona pia jambo la kushangaza, kwamba walevi ndio walioishi zaidi. Sababu ilikuwa wazi: siku za ulevi hawakuja kazini.

Dawa zilibuniwa. Mapema miaka ya 1820 mtu mmoja wa Sheffield, J. H. Abraham, alitengeneza kifaa cha sumaku cha kunasa vumbi la chuma mbele ya uso wa mnoaji. Kilinasa chuma kweli, lakini kilichoharibu mapafu zaidi ni chembe za silika zilizotoka kwenye jiwe lenyewe, na silika haivutwi na sumaku. Vifuniko vya mawe na njia za kutoa hewa chafu vilikataliwa na wanoaji wengi. Walihofia kwamba kazi ikiwa salama, watu wengi wataikimbilia na ujira utashuka. Ni rahisi kuwaita wajinga. Ukweli ni kwamba walipiga hesabu ya mkate wa wiki ile.

Ukombozi wa wanoaji ulitoka kwenye tanuru la umeme. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson, akijaribu kutengeneza kito cha thamani, alipata fuwele ngumu ajabu alizoziita carborundum, na mwaka 1895 kiwanda chake kikaanza kazi Niagara Falls, kwenye umeme wa maporomoko. Mawe ya kunolea yaliyotengenezwa viwandani yakachukua nafasi ya yale ya mchanga. Gurudumu likaacha kumwaga silika.

Kilichobaki ni kulibeba mkononi. Mwaka 1922 nchini Ujerumani, Hermann Ackermann na Hermann Schmitt walianzisha kampuni ambayo leo inaitwa FLEX, na mwaka 1954 ikatoa grainda ya kasi kubwa ambayo hizi za leo ni vizazi vyake. Diski nayo ikawa nyembamba, imeshikwa kwa gundi ya kiwandani na kufumwa nyavu za nyuzi za kioo ndani yake ili isisambaratike ovyo.

Usalama huo una mipaka, nayo imeandikwa kwenye diski yenyewe. Diski nyingi zimepimwa kwa mwendo wa ukingo wa mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa. Ya milimita 230 huufikia mwendo huo kwa mizunguko 6,600 hivi kwa dakika. Fundi akiondoa kava ili kuiingiza kwenye grainda ndogo yenye mizunguko 11,000, ukingo unapaa hadi mita 132 kwa sekunde, na nguvu inayotaka kuipasua inakaribia mara tatu. Kwa hiyo kuondoa kava kunaondoa vitu viwili kwa mpigo: ngao, na kipimo kilichozuia diski kubwa isiingie.

Vumbi nalo halikutoweka. Fundi umeme anayechimba mifereji ya waya ukutani, au fundi vigae anayekata kona ya bafu, anakata zege, tofali na vigae vyenye silika ile ile. Zamani ilitoka kwenye jiwe. Sasa inatoka ukutani, na kwa kasi ambayo mito ya Sheffield haikuweza kuitoa. Kitambaa cha kufunga pua hakizuii chembe ndogo kiasi hicho. Kumwagia maji grainda ya kawaida ya umeme ni kukaribisha shoti, ndiyo maana zipo mashine zilizoundwa kwa maji na kava zinazofungwa mpira wa kufyonza vumbi.

Mambo yamekuwa mabaya zaidi kwenye mawe bandia ya meza za jikoni, ambayo mengine yana silika zaidi ya asilimia 90. Australia, baada ya vijana wengi waliokuwa wakiyakata kukutwa na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, ilipiga marufuku kuyatengeneza, kuyauza na kuyafunga kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Yaliyokwisha kufungwa yanaweza kurekebishwa au kuondolewa, kwa sharti kwamba vumbi lidhibitiwe kwa maji au kwa kufyonzwa, na fundi avae barakoa ya kuchuja hewa.