Riziki ya Nyuzi Nane: Tarehe ya Muziki Huru Ukingoni mwa Ziwa

Anayeingia Kisumu kwa barabara ya Nairobi, akishaipita Ahero na uwanda wa Kano, hupokelewa na Nyamasaria. Hapa shamba hukutana na mji. Siku hizi kijana wa huku akiimba nyimbo za asili kwa gitaa kavu, akajirekodi mwenyewe bila kampuni, husifiwa kwamba ameleta jambo jipya. Watu wa ukingo huu wa Ziwa Victoria wana haki ya kupinga. Muziki wa asili unaojitegemea una umri mrefu kwao, na tarehe yake huanza na nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala ameilaza mbele yake. Kidole cha mguu huvaa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga ukingo wa ala, na njuga za gara hulia mguuni kila anapopiga. Mtu mmoja anaimba, anacharaza nyuzi na kushika mapigo. Huyu hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alialikwa matangani, harusini na kwenye karamu za pombe, na riziki yake ilitoka katika pakruok: msikilizaji husimamisha muziki, hutoa pesa, hujisifu au husifu rafiki na ukoo wake, kisha nyuzi huendelea. Mwingine naye husimama, na usiku huenda hivyo hadi alfajiri. Kwa hiyo mpigaji hodari alilazimika kujua koo, ndoa, vifo na ugomvi wa nchi nzima, maana aliyelipa alitarajia kutajwa ipasavyo. Kwa maoni yangu, pakruok ndiyo iliyoulinda muziki huu kuliko taasisi yoyote. Wasikilizaji wenyewe ndio waliokuwa kampuni.

Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na mji ukakua bandarini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, askari waliorudi nyumbani walikuja na magitaa. Vijana hawakuitupa nyatiti. Waliihamishia kwenye gitaa. Katika miaka ya 1960 muziki huo mpya, benga, ukapata umbo lake: gitaa la solo likichukua mbio za nyatiti na kilio cha orutu, ile fidla ya uzi mmoja, likijibizana na sauti ya mwimbaji hadi uimbaji unyamaze na magitaa yabaki yakikimbia peke yao. John Ogara alikuwa miongoni mwa watangulizi. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania, aliifikisha mbali na bendi yake ya Shirati Jazz. Mwaka 1972 Ochieng Nelly na Collela Mazee wakaanzisha Victoria Jazz.

Miaka hiyo ya santuri ilileta fahari, ikaleta na hasara. Mfanyabiashara Oluoch Kanindo alizisambaza santuri za benga hadi Zimbabwe, na huko zikachangia kuzaliwa kwa muziki wa sungura. Lakini wanamuziki wengi waliuza wimbo mara moja, wakalipwa mara moja, basi. Kanda za kaseti zilipokuja, kila kibanda cha stendi kiliweza kudurufu, na hata malipo hayo madogo yakakauka. Matanga hayakukauka, bendi zikarudi kule kule kwa watunzaji.

Ayub Ogada alichukua njia nyingine. Aliondoka Kenya katika miaka ya 1980 akaenda Uingereza na nyatiti yake, akapiga barabarani London kwa sarafu za wapita njia. Mwaka 1993 albamu yake En Mana Kuoyo ikatoka, na wimbo wake Kothbiro ukasikika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Alirudi nyumbani, akafariki Nyahera, Kisumu, mwaka 2019. Suzanna Owiyo wa Nyakach, mjukuu wa mpiga nyatiti, alijulikana kote nchini kwa wimbo wa karne ya mji, Kisumu 100, mwaka 2001. Nyatiti ilikuwa ala ya wanaume, lakini Mjapani Eriko Mukoyama, aitwaye Anyango, alifunzwa na mzee wa Siaya akakubaliwa kuipiga hadharani.

Mjini Nairobi, mtayarishaji wa muziki Tabu Osusa na studio yake ya Ketebul Music walianza kurekodi wazee kabla hawajaondoka na nyimbo zao. Mwaka 2008 walitoa kumbukumbu ya benga, kitabu pamoja na sauti. Ogoya Nengo, mama wa nyimbo za asili za Waluo ziitwazo dodo, akafika majukwaa ya Ulaya akiwa mtu mzima sana.

Leo kwenye usiku wa ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, pakruok hulipwa hata kwa M-Pesa. Msomaji, ukitoa mia tano ili utajwe jina ukumbini, mkumbuke mwimbaji huyohuyo asubuhi: nunua wimbo wake, usiuchukue bure kwenye flashi ya rafiki.