Alama 40 Haisemi Mwanafunzi Anajua Nini

Kila ninaposahihisha mitihani, jambo moja hunisumbua. Wanafunzi wawili hupata alama 40: mmoja ameielewa nusu ya somo barabara, mwingine amegusagusa kila mada bila kuimiliki hata moja. Orodha ya matokeo huwaweka mstari mmoja. Kasoro hii ina historia, na historia hiyo ni ya kisiasa pia.

Mwaka 1905, jijini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Kilipovuka bahari hadi Marekani, chombo cha kusaidia kiligeuzwa ngazi ya kuwapanga watu kwa akili. Swali la "mtoto huyu amekwama wapi?" likamezwa na lile la "ni wa ngapi?"

Swali la kwanza lilirudi kwa nguvu mwaka 1978, John Seely Brown na Richard Burton walipochunguza makosa ya watoto katika hesabu za kutoa. Mtoto anayeandika 52 − 27 = 35 huenda hakubahatisha; katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa. Anafuata kanuni, ila kanuni yenyewe ni mbovu.

Kuanzia mwaka 1983, Kikumi Tatsuoka wa Chuo Kikuu cha Illinois aliipa fikra hiyo takwimu. Katika jedwali lake, maswali hupangwa pamoja na stadi, hivyo huonekana swali lipi linadai stadi ipi. Majibu ya wanafunzi 536 kwa maswali 20 ya kutoa sehemu, aliyoyachambua, bado hutumiwa kujaribia mbinu mpya. Mbinu zilizofuata zikakadiria pia kwamba ajuaye huweza kuteleza, na asiyejua huweza kupatia kwa bahati. Zao lake si alama moja, bali maelezo: stadi hii anayo, ile bado.

Tusiiabudu kompyuta, hata hivyo. Jedwali huandikwa na binadamu. Akikosea kuzitaja stadi, tutapata uongo wenye desimali. Mwalimu anayeyajua makosa ya darasa lake hana budi kuwapo mezani linapoandikwa.

Ndugu zangu mnaopanga sera, wastani wa ufaulu hauwaambii mpeleke nini darasani. Na mtoto anayeambiwa "umefeli" bila kuoneshwa alipokwama amehukumiwa tu, hajasaidiwa.