Jina la kisayansi la kima wa Tana lina maana gani?

MISITU ya kingo za Mto Tana, inayoteremka hadi pande za Wema katika eneo la Garsen, ni makao ya aina mbili za kima wasiopatikana kwingineko duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana. Wa kwanza huandikwa Piliocolobus rufomitratus (Peters, 1879); wa pili, Cercocebus galeritus Peters, 1879.

Neno la kwanza hutaja jenasi, nalo huanza kwa herufi kubwa. La pili hutambulisha spishi na huanza kwa herufi ndogo, hata likitokana na jina la mtu au mahali. Kisha hutajwa aliyelichapisha kwanza, hapa Wilhelm Peters wa Berlin, pamoja na mwaka.

Wengi hudhani mabano ni pambo. La hasha! Peters alimweka mbega huyo katika jenasi ya Colobus. Alipohamishiwa jenasi nyingine, jina la Peters likatiwa ndani ya mabano. Mangabi angali katika jenasi ileile, hivyo hana mabano.

Wengine huamini kuwa kuna ofisi inayoidhinisha kila jina. Ukweli ni kwamba Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama hutunga kanuni na kuamua mizozo. Jina hupata uhalali likichapishwa kwa kufuata kanuni hizo. Hesabu huanzia mwaka 1758, na kwa kawaida jina kongwe ndilo hushinda.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba kanuni hizo ndizo huamua mnyama yupi ni spishi. Hiyo ni kazi ya watafiti. Kwa miaka mingi mangabi wa Sanje, Tanzania, na jamaa yao wa misitu ya Kongo walihesabiwa kuwa nususpishi za galeritus. Walipotenganishwa, jina hilo kongwe lilibaki Tana.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Wakihesabiwa pamoja, mangabi huonekana wameenea kutoka Tana hadi Kongo. Akihesabiwa peke yake, wa Tana hubaki na vipande vya msitu vya mto mmoja, na misitu hiyo ikikatwa, spishi nzima itatoweka.